Bustani na Mama wa Kajjansi: Waridi la jangwani lipe kiu

Mwezi huu barua ni nyingi, na karibu zote zinauliza habari ya mmea mmoja: ule wenye shina nene kama kibuyu na maua mekundu au ya waridi, unaopangwa siku hizi kando ya barabara zetu kuanzia Bugolobi mpaka Entebbe. Wengine wanauita adeniamu, wengi wanauita waridi la jangwani. Mimi niliujua kabla sijajua kusoma. Baba yangu alikuwa askari katika kambi ya Moroto, kule Karamoja kwenye ukame, na Kiswahili hiki ninachowaandikia nilikiokota humo kambini pamoja na watoto wenzangu. Wakati wa kiangazi, vilima vikiwa vimekauka, tulikuwa tukiuona porini ukiwa hauna hata jani moja, maua tu. Leo nauza miche Kajjansi, na watu huniletea mimea ileile ikiwa imeoza. Kwa hiyo wenye barua za nyanya na mipapai watanisubiri mwezi ujao.

*Shikamoo Mama. Mwezi wa sita nilinunua waridi la jangwani kwa shilingi 70,000, likiwa na maua 11. Muuzaji aliniambia ni mmea mvumilivu. Nililimwagilia kila asubuhi bila kukosa, nikalitilia na samadi ya ng'ombe. Mwezi wa kumi majani yakageuka manjano yakaanza kuanguka. Nikadhani ni kiu, nikaongeza na maji ya jioni. Sasa nikilibonyeza shina kwa chini linabonyea kama parachichi lililoiva. Je, linaweza kupona? – Msomaji, Ntinda, Kampala*

Marahaba mwanangu. Linaweza, ila uanze kazi leo leo. Usingoje Jumamosi, maana uozo huu haulali.

Ling'oe kutoka kwenye chungu, ukung'ute udongo wote, kisha uoshe mizizi mpaka uione vizuri. Chukua kisu kikali, kipanguse kwa spiriti, ukate sehemu yote iliyolainika. Nyama ya shina yenye afya ni nyeupe na ngumu kama kiazi kibichi. Nyama iliyooza ni ya kahawia na inanuka. Endelea kukata mpaka kusibaki hata doa dogo la kahawia, na kila baada ya mkato pangusa kisu tena. Najua mkono utasita, kwa sababu unaona unalimaliza. Usisite. Nimeona watu wakibakiza doa la ukubwa wa punje ya maharage kwa huruma, na baada ya wiki mbili wanarudi kwangu na mmea mzima umekuwa uji. Halafu paka majeraha unga wa mankozebu, ile dawa ya ukungu wanayopulizia wakulima wa nyanya. Utaipata katika duka lolote la pembejeo. Vaa glavu na uzibe pua.

Kisha unakuja mtihani wenyewe: usilipande. Liweke kivulini penye hewa, juu ya gazeti au waya, siku 10 hadi 14, likiwa tupu bila udongo wala tone la maji. Halitakufa. Lile shina nene ndilo ghala lake la maji, na limeumbwa likae kwa miezi bila mvua. Kidonda kikikauka kikawa kigumu kama gome, ndipo ulipande katika mchanganyiko mkavu, ungoje wiki moja nyingine, ndipo umwagilie mara ya kwanza.

Sasa sikiliza kilichokuponza, maana usipokijua utarudia. Kwanza ni hilo jina. Huu mmea si waridi. Hauna undugu wowote na waridi la kweli. Undugu wake ni na oleanda na mfranjipani. Mtu akisikia waridi anafikiri maji na mbolea. Pili ni mvua yetu. Kwa mwaka Kampala inapata zaidi ya milimita 1,000, na inazipata kwa mafungu mawili, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, na katikati hapo bado mbingu zinaweza kufunguka siku yoyote. Mmea wako ulizoea nchi ambayo mvua ikipita imepita. Ulipouonea huruma ukidhani ni kiu, mizizi ilikuwa inazama. Jani la manjano wakati wa mvua, udongo ukiwa umelowa, ni kilio cha maji mengi. Ukiona hivyo tena, bonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, acha kumwagilia tu. Likiwa laini, chukua kisu.

Udongo wetu mwekundu wa Buganda ni mzuri kwa matoke, na kwa mmea huu ni kaburi. Mimi hutengeneza hivi: sehemu mbili za mchanga wa chembe kubwa, sehemu mbili za matofali yaliyopondwa yakawa ukubwa wa punje za mahindi, sehemu moja ya mboji iliyochekechwa, na konzi moja ya vipande vya mkaa. Hapa Kajjansi wanachoma matofali na vigae, na vilivyovunjika vinatupwa, kwa hiyo sina sababu ya kulalamika. Popote panapojengwa nyumba utapata tofali lililovunjika bure. Mchanga usiwe ule laini wa kupigia lipu, maana unashikana na kuziba. Uoshe kwanza mpaka maji yatoke safi. Ukishajaza chungu, mwagia kikombe cha maji na uhesabu. Kabla hujafika 10 yawe yameanza kutoka chini. Ukifika 10 bado, ongeza tofali.

Chungu cha udongo wa kufinyanga ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu kinapumua, na kiwe na matundu matatu au manne. Ile sahani mnayoweka chini isichafue sakafu, iondoe. Nimeona mimea mingi ikiuawa na sahani kuliko na wadudu.

Kumwagilia: wakati wa jua, mara moja kwa siku 5 hadi 7, na umwagilie kweli mpaka maji yatoke chini, halafu uache mpaka udongo ukauke mpaka ndani. Penyeza kijiti cha mwanzi. Kikitoka na unyevu, ngoja. Wakati wa mvua lisogeze chini ya upenu. Na kama unaweza kupata lile bati la plastiki linalopitisha mwanga, funga kipande kimoja juu ya mimea yako, upate jua bila mvua. Bati moja limeniokolea mimea zaidi ya 40.

*Mama, mimi naishi Kabale. Nimesoma kwamba mmea huu ni wa joto. Je, nisijaribu kabisa? – Mwalimu, Kabale*

Jaribu, mwalimu, ila uwe wa chunguni, usiupande ardhini. Baridi ya usiku ikishuka chini ya digrii 10 mmea huu unaumia, na kwenu Juni na Julai inafika huko. Miezi hiyo uingize ndani jioni, karibu na ukuta wa jikoni, uutoe jua likipanda, na usiumwagilie kabisa. Baridi na unyevu vikikutana ndivyo vinavyoua. Baridi peke yake utaishinda.

*Salaam Mama. Mimi ni mstaafu, na bustani ndiyo kazi yangu sasa. Waridi langu la jangwani lina afya kabisa, majani ya kijani kibichi yanang'aa, lakini mwaka wa pili huu sijaona ua. Limekaa pazuri chini ya mwembe, na nalilisha samadi ya kuku kila mwezi. Jirani ana la kwake kwenye ndoo iliyotoboka, halijali, na limejaa maua. Kosa langu ni lipi? – Mzee wa Entebbe*

Salaam mzee wangu. Jirani hajalizidi lako kwa bahati. Ndoo yake imekaa juani, haina samadi, na anaisahau. Hayo matatu ndiyo mmea unayotaka.

Tuanze na mwembe. Mmea huu unataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku, na zaidi ni heri. Chini ya mwembe hata saa moja haupati. Ila usilitoe siku moja ukaliweka kwenye jua la saa saba. Shina lililozoea kivuli linaungua kama ngozi ya mtoto, na kovu halitoki. Wiki ya kwanza lipate jua la asubuhi tu, wiki ya pili uongeze, ya tatu likae wazi.

Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni hutengeneza majani. Ndiyo maana yanang'aa. Acha samadi miezi mitatu, halafu ulipe mbolea ya NPK ambayo namba ya mwisho, ya potasiamu, ni kubwa kuliko ya kwanza, ya naitrojeni. Ikoroge nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, mara moja kwa mwezi, na iwe wakati linakua tu.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo gumu kwa mtu anayependa bustani: liache lilale. Kati ya Desemba na Februari tuna wiki kadhaa za ukavu. Lisogeze chini ya upenu, lipate jua lisipate mvua, usilimwagilie wiki nne. Litaangusha majani. Utalitazama na moyo utakuuma, najua, hata mimi baada ya miaka yote hii bado huwa napita karibu na jerikeni la maji nikijizuia. Shina litasinyaa kidogo, litalainika kama mkono wa mzee, na hilo si uozo: uozo ni wa sehemu moja, una rangi na harufu, kusinyaa ni kwa shina zima. Ukirudisha maji, baada ya siku chache shina linajaa tena, na machipukizi yanatoka nchani.

Ua hutoka kwenye ncha za matawi. Basi mwanzoni mwa ukavu huo kata matawi marefu, uondoe theluthi moja. Tawi moja likikatwa hutoa mawili au matatu. Vumilia miezi miwili au mitatu. Kwenu kando ya ziwa mnanyeshewa kuliko hata Kampala, kwa hiyo usitegemee mbingu zikupangie ukavu. Uupange wewe kwa upenu.

*Assalaam alaykum Mama. Nina mbuzi watatu na mjukuu wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni. Jirani amenipa tawi la waridi la jangwani, halafu mtu mwingine akaniambia ni sumu. Nilitupe? – Bibi, Arua*

Waalaykum salaam, dada yangu. Aliyekuambia amesema kweli. Ule utomvu unaotoka ukikata tawi una sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Katika nchi nyingi za Afrika wawindaji walichemsha mizizi na utomvu wake wakapaka kwenye mishale. Pehr Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliyeuona Yemen na kufia hukohuko mwaka 1763, aliuandika kama aina ya oleanda, na kila anayeijua oleanda anajua haichezewi. Neno adeniamu lenyewe wengi husema linatokana na mji wa Aden.

Kwa nyumba yenye mtoto wa umri huo mimi nasema: mrudishie jirani kwa shukrani, umwombe akutunzie tawi jingine mpaka mjukuu afike miaka sita au saba. Kama huwezi kuachana nalo, liwe juu mahali asipofika, majani yanayoanguka yaokotwe kila siku. Mbuzi wasilisogelee kamwe.

Mtoto akitafuna, mpanguse mdomo, umwoshe, usimtapishe wala usimpe maziwa ukidhani yanapunguza sumu. Mkimbize hospitali hata kama anacheka, na uchukue jani mkononi daktari alione. Dalili zake ni kutapika, usingizi, kizunguzungu, na moyo kwenda polepole au ovyo.

Na wewe mwenyewe unapokata, vaa glavu au hata kavera, mfuko wa plastiki, mkononi, na usijisugue macho.

*Mama, kuna viwavi vikubwa vya kijani vimekula majani yote kwa usiku mbili. Vina kama macho mawili ya buluu. Nipulizie nini? – Kijana wa bustani, Jinja*

Usipulizie kitu. Huyo ni mtoto wa nondo mkubwa, mwenye mabaka ya kijani yanayopendeza kama marumaru, anayependa oleanda na jamaa zake. Sumu inayoua mbuzi yeye haimdhuru. Yale macho si macho, ni madoa ya kukutisha. Toka jioni na tochi, uviokote kwa mkono, uvipeleke mbali. Viwavi vikubwa hivyo kwenye mmea mmoja ni vichache, dakika kumi zinatosha. Majani yatarudi. Adui wa kweli ni kidung'ata, yule mdudu mdogo mweupe kama pamba anayejificha kwenye maungio ya matawi. Yeye msugue kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, urudie kila wiki mpaka atoweke.

*Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Moroto, sina kazi. Nimesikia mmea huu ukiwa mkubwa unauzwa Kampala kwa laki kadhaa. Huku kwetu upo porini, mingine minene kuliko mwili wangu. Nikichimba 20 nikazipakia kwenye lori, utanunua? – Kijana, Moroto*

Marahaba mwanangu. Sitanunua, na nakuomba usichimbe. Hebu nikueleze sababu, kwa kuwa nakujibu kama mtu wa kwenu.

Nilipoolewa nikahamia Kampala nilichimba mmoja. Nilitaka kitu cha nyumbani. Ulikuwa na shina la upana wa mapaja yangu mawili, na kwa hesabu yangu ya sasa ulikuwa umeishi miaka mingi kuliko mimi. Niliukata mizizi kwa jembe, nikausafirisha juu ya magunia ya mtama, nikaupanda mbele ya nyumba katika udongo mweusi wenye samadi. Ulitoa maua mara moja. Mvua za mwezi wa tatu zilipokuja uliinama upande, na siku moja asubuhi nikaukuta umelala chini, maji ya kahawia yanatoka ndani. Mpaka leo napakumbuka pale kilimani nilipoutoa, shimo lenyewe. Mtu aliyenilea hakuniambia, basi mimi nakuambia wewe.

Mmea mzee uliokatwa mizizi kwa jembe unafika Kampala ukiwa na majeraha, na Kampala ni mvua. Mteja wako atalia baada ya miezi sita na hatanunua kwako tena. Na kilima kitabaki na mashimo, kwa sababu shina la unene huo halioti kwa mwaka wala kwa kumi.

Biashara ipo kwenye mbegu, na wewe umekaa juu yake. Mti unaotokana na mbegu ndio unaonenepa chini. Uliotokana na tawi lililochomekwa hukua mwembamba, huchukua miaka mingi kupata kitako, na mara nyingi hakitokei kama kile. Wateja wa Kampala wanataka kitako. Mimea mingi yenye maua ya tabaka mbili ninayouza imetoka kwa wakulima wa Thailand na Taiwan, nao wanaunganisha tawi la maua mazuri juu ya shina lililotokana na mbegu. Mbegu za nchi yetu wenyewe napata kwa shida.

Basi ongea na wazee wa mahali penyewe kwanza, uwaeleze unataka mbegu tu. Baada ya maua, tafuta maganda marefu yanayokaa mawili mawili kama pembe za mbuzi. Yakiwa bado ya kijani, yafunge kwa uzi pande zote, mizunguko mitatu, usiyabane sana. Usipofunga, siku yatakapopasuka upepo utabeba kila kitu, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili. Kwenye mti mmoja funga jozi moja au mbili, nyingine uziache zipeperuke, kilima nacho kinataka watoto wake. Ganda likipasuka ndani ya uzi, likate, utoe mbegu, uondoe manyoya.

Panda haraka, mbegu mbichi ndiyo yenye nguvu. Zilaze ubavu juu ya mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, uzifunike kwa mchanga mwembamba tu. Zimwagilie kidogo kila siku, na hapa ndipo mahali pekee ambapo mmea huu unakubali maji ya kila siku. Ndani ya wiki moja hivi zitachomoza. Kadiri zinavyopata majani punguza maji, na zikiwa na majani sita hivi, zihamishe kila moja kwenye chombo chake, ukipandisha shina juu kidogo kila unapohamisha ili kitako kionekane. Kwa jua la Moroto, ndani ya mwaka mmoja hadi miwili zitakuwa zimetoa ua la kwanza, na hapo zinauzika.

Ukipata mbegu, ziweke kwenye bahasha ya karatasi, si kavera, maana zitaota ukungu. Andika nje mwezi ulipozichuma na rangi ya ua la mama yake, kisha zitume kupitia ofisi ya jarida hili. Mia moja za kwanza nitazinunua mimi.